Pumu Haitibiwi kwa Kupanua Mirija Peke Yake

Katika maduka ya dawa ya miji yetu, tangu Mombasa hata Kigoma, mgonjwa wa pumu aingiaye na kifua kilichombana huomba pampu, na muuzaji aghalabu humpa ile ya buluu, yenye salbutamoli. Mgonjwa huvuta mara mbili palepale mbele ya kaunta, mabega yakashuka, pumzi ikamrudia, akalipa, akashukuru, akaenda zake. Tendo hilo ni la huruma, wala sina nia ya kulilaumu kwa namna lilivyo, kwani mtu aliyekosa pumzi hana haja nyingine duniani ila pumzi. Lakini rai yangu ni kwamba tendo hilo, linaporudiwa mwezi baada ya mwezi pasipo jingine la kulifuata, ni nusu ya tiba, na tena ni ile nusu iliyo nyepesi. Na hoja yangu sikuiokota njiani, bali nimeitoa katika maarifa ambayo mabingwa wa elimu ya kinga wameyakusanya kwa muda wa miaka mia na zaidi juu ya protini chache, ndogo mno, ambazo ama huuamrisha mwili upigane, ama huuamrisha utulie.

Pumu si maradhi ya leo. Musa bin Maimun, tabibu aliyeishi Misri katika zama za Salahuddin, aliandika mwishoni mwa karne ya 12 risala nzima kwa Kiarabu juu ya maradhi haya, kwa ajili ya mgonjwa mmoja mwenye cheo kikubwa, akamuusia juu ya chakula na usingizi, juu ya hewa ya mji, na juu ya mchuzi wa kuku, ambao bibi zetu nao wangaliusifu bila ya kuisoma risala yenyewe. Mengi aliyoyaandika yalikuwa ya busara, maana alikuwa mtazamaji hodari. Lakini kwa nini mtu mmoja avute vumbi la nyumba akaendelea na shughuli zake, na ndugu yake aliyelala naye kitanda kimoja avute vumbi hilohilo akakesha ameketi akitafuta pumzi, hilo halikujulikana kwake wala kwa waliomfuata kwa karne saba.

Jibu lilianza kupatikana katika mji wa Breslau, ambao siku hizi huitwa Wrocław na umo katika Polandi. Huko walikuwako matabibu wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Na huyu Küstner hakuweza kula samaki aliyepikwa bila ya mwili kumwasha na kuvimba. Mwaka 1921 Prausnitz alichukua majimaji ya damu ya mwenziwe, akayadunga chini ya ngozi yake mwenyewe, na siku ya pili yake akadunga mahali palepale maji yaliyotolewa katika nyama ya samaki. Ngozi ikatutumka na kuwasha, ilhali yeye kwa maisha yake yote alikuwa akila samaki kwa salama na afya. Kwa tendo hilo, ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingalilipiga marufuku (kwani nani ajuaye ni maradhi gani mengine yamo katika damu ya mtu?), ikadhihirika kwamba chanzo cha mzio ni kitu chenye kuelea katika damu, na kwamba kitu hicho chaweza kuhamishwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Ikapita miaka 45 kabla kitu hicho hakijashikwa mkononi. Mwaka 1966 Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke wa Kijapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, walikitambua kuwa ni aina ya kingamwili iliyokuwa haijajulikana. Na wakati uleule, pasipo kushauriana nao, Wasweden wawili wa Uppsala, Gunnar Johansson na Hans Bennich, walikuwa wamefika mlango huohuo kwa njia nyingine. Mwaka 1968 wataalamu wakakubaliana kukiita IgE. Kingamwili hiyo ni chache sana katika damu, lakini uchache wake usimhadae mtu, kwa sababu hujipachika juu ya seli masti zilizotapakaa katika kuta za njia za hewa, ikangoja. Na kile mwili unachokichukia kinapopita na kugusa kingamwili mbili kwa pamoja, seli ile humwaga histamini na kemikali nyingine kwa dakika chache tu, misuli ya mirija ikajikaza, utando ukavimba, na mgonjwa akaanza kupiga mluzi kifuani.

Hapo ndipo wengi wetu tulipofundishwa kusimama, tukadhani kwamba pumu ni mirija iliyojikaza na kwamba dawa yake ni kuipanua. Walakini swali lililo kubwa zaidi ni hili: nani aliyeuamrisha mwili utengeneze IgE hiyo dhidi ya vumbi, kitu ambacho hakina madhara kwa wengine? Mwaka 1986 Tim Mosmann na Robert Coffman, wakifanya kazi katika maabara moja huko California, walionyesha kwamba katika panya zile seli nyeupe ziitwazo seli T saidizi ni za namna mbili, na kila namna hutoa protini zake za kupelekeana habari, ambazo nyingi huitwa interlukini. Namna ya pili ndiyo inayotuhusu sisi wenye jamaa wa pumu. Interlukini ya 4 ndiyo iziambiayo seli nyingine ziache kutengeneza kingamwili za kawaida na kuanza kutengeneza IgE. Interlukini ya 5 huziita kutoka katika uboho zile chembe nyeupe ziitwazo eosinofili, ikazikuza na kuzirefushia maisha, nazo zikifika katika mapafu humwaga sumu ambazo Mola aliziweka, kwa dhana ya wataalamu wengi, kwa ajili ya kupigana na minyoo. Na interlukini ya 13, ambayo mimi naiona kuwa ndiyo mbaya zaidi kuliko ndugu zake, huufanya utando wa mirija utoe makamasi mazito kwa wingi, ikaifanya na misuli yenyewe kuwa na hasira, hata harufu ya rangi mbichi ya ukutani, au ubaridi wa alfajiri, ukatosha kuibana.

Juu ya protini hizo kuna nyingine zilizogunduliwa baadaye, nazo zatoka katika utando wenyewe wa njia za hewa. Katika magodoro na mito yetu, na hasa ile ya sufi katika hewa yenye unyevu ya pwani, huishi utitiri wa vumbi, mdogo hata jicho haliuoni. Na katika kinyesi chake mna kimeng'enya ambacho kikivutwa hukata viungio vinavyozishikanisha seli za utando. Utando uliojeruhiwa hutoa protini za tahadhari, mojawapo ikiitwa interlukini ya 33 na nyingine TSLP, na hizo ni kama mbiu ya mgambo, kwani zikilia hapana seli ya kinga iliyo karibu itakayokaa kitako, hata kama adui mwenyewe ni vumbi la mto wa kulalia.

Hikima ya mwili, hata hivyo, haikuishia katika kuamrisha vita. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alieleza juu ya kundi la seli T ambazo kazi yake ni kuzuia nyingine zisivuke mipaka. Na mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakiwachunguza panya wagonjwa wa ukoo mmoja, waliipata jeni iitwayo FOXP3, ambayo bila yake seli hizo za udhibiti haziumbiki. Watatu hao walipewa tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025, na kwa rai yangu ilichelewa. Kuna watoto wa kiume, wachache mno duniani, wanaozaliwa na hitilafu katika jeni hiyo. Hao huandamwa tangu uchanga na ukurutu wa mwili mzima, kuhara kusikokatika, kisukari, na IgE iliyopanda kupita kiasi, na wengi wao hufa mapema wasipopandikizwa uboho wa mtu mwingine. Mtu akitaka kujua kazi ya protini zenye kutuliza, na awatazame watoto waliozikosa. Miongoni mwa silaha za seli za udhibiti ni interlukini ya 10, ambayo haizungumzwi sana magazetini, lakini ndiyo iliyolivuta bara letu la Afrika katika elimu hii.

Mwaka 2000 kulichapishwa uchunguzi uliofanywa Lambaréné, katika Gabon, ambao ulionyesha kwamba watoto wenye kichocho, walipochanjwa ngozini kwa maji ya utitiri wa vumbi, walivimba kwa nadra kuliko wenzao wasio na kichocho, na kwamba chembe za damu zao zilitoa interlukini ya 10 kwa wingi. Mdudu wa kichocho, kwa maslahi yake mwenyewe, alikuwa amewafundisha watoto wale kutulia. Na huko Gabon watoto walipotibiwa minyoo kwa kurudiwarudiwa, ngozi zao zikaanza kuvimba zaidi kwa utitiri. Huko Entebbe, Uganda, watafiti walieleza mwaka 2011 kwamba watoto wachanga wa mama waliopewa dawa ya minyoo wakati wa uja uzito walipata ukurutu zaidi kuliko wengine. Lakini baadaye, katika visiwa vya Koome vya ziwa Viktoria, vijiji vilivyopewa dawa ya minyoo kwa nguvu vililinganishwa na vile vilivyopewa kwa kadiri ya kawaida, na tofauti ya mzio haikuonekana. Nayataja haya kwa kirefu kwa sababu nimewasikia watu wenye elimu yao wakisema kwamba basi tuwaachie watoto minyoo yao. Hasha! Kichocho huharibu kibofu, safura hula damu, na mtoto asiyekua hawezi kufarijiwa kwa kuambiwa kwamba ngozi yake haivimbi. Fundisho lililomo ni jingine: kwamba seli za udhibiti hujifunza kazi yake utotoni, kutokana na udongo, wanyama na vijidudu vinavyomzunguka mtoto, na kwamba tunapohama mashamba kuja mijini twayaacha nyuma baadhi ya mafunzo hayo, huku tukipokea moshi wa magari badala yake. Watoto wa shule wa Nairobi, walipokimbizwa na kupimwa pumzi katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998, waliobanwa kifua walikuwa takriban 23 katika kila mia, ilhali wale wa mashamba ya Murang'a walikuwa 13 tu.

Sasa nije katika dawa, maana huko ndiko kuliko na ugomvi wangu. Kutokana na maarifa haya zimetengenezwa sindano za ajabu. Omalizumabu, inayoikamata IgE kabla haijajipachika, iliruhusiwa Marekani mwaka 2003. Mepolizumabu, inayoizuia interlukini ya 5, mwaka 2015. Dupilumabu, inayoufunga mlango ambao interlukini ya 4 na ya 13 huupitia kwa pamoja, iliruhusiwa kwa pumu mwaka 2018. Na tezepelumabu, inayoizima TSLP, mwisho wa mwaka 2021. Kisa cha mepolizumabu chafaa kukumbukwa na kila mwenye pupa: mwaka 2000 ilijaribiwa kwa wagonjwa wachache, eosinofili zikapungua sana katika damu yao, lakini pumzi yao isibadilike, hata wengi wakaitupa ile dhana nzima, na mwaka 2009 tu, walipochaguliwa wagonjwa ambao kweli eosinofili ndizo zilizokuwa zikiwasumbua, ndipo mashambulizi yao yalipopungua na dawa ikapata heshima yake. Pumu basi ni jina moja lenye maradhi kadhaa ndani yake. Sindano hizi zinawafaa wale ambao dawa nyingine zote zimewashinda, nao si wengi. Na bei zake ni za kuifilisi familia yetu ya kawaida kwa mwaka mmoja, wala sioni aibu kusema kwamba hazina ya serikali isikimbilie huko kwanza.

Maana ipo dawa nyingine, ya zamani, isiyo na fahari yoyote, inayofanya kazi iliyo karibu na hiyo. Steroidi ya kuvuta, mathalan beklometasoni, ambayo ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1972 na ambayo kopo lake aghalabu huwa la kahawia, ikiingia katika seli za mapafu hupenya hata kiini chake, na huko huzizima jeni zinazotoa protini za uvimbe, zikiwamo interlukini ya 4, ya 5 na ya 13 tulizozitaja. Eosinofili zikakosa kinachozihuisha zikafa, na utando ukapata wasaa wa kupona. Salbutamoli ya kopo la buluu haifanyi hata moja katika hayo. Huilegeza misuli kwa saa nne au sita, na protini zile zikaendelea na kazi yao chini kwa chini, mgonjwa akijiona mzima, mpaka usiku mmoja mirija imevimba na kujaa makamasi hata kuilegeza misuli hakumfai kitu. Mwaka 2019 ndipo jopo la kimataifa linalotoa miongozo ya pumu liliposema waziwazi kwamba mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi asitibiwe kwa dawa ya kupanua mirija peke yake.

Ushahidi haukosekani. Katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kwa kila kopo moja la ziada la steroidi ambalo mgonjwa alilitumia kwa mwaka, hatari ya kufa kwa pumu ilipungua kwa asilimia 21. Finland ilianza mwaka 1994 mpango wa taifa wa miaka kumi, ambao shina lake lilikuwa kuwatibu wagonjwa mapema kwa dawa za kutuliza uvimbe na kuwafundisha wauguzi na wauza dawa. Na ulipokwisha, siku za kulazwa hospitali kwa sababu ya pumu zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya nusu. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 pumu iliwapata watu milioni 262 na kuwaua 455,000, na wengi wa hao waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Shirika hilohilo limeiweka steroidi ya kuvuta katika orodha yake ya dawa muhimu, orodha ambayo wizara zetu huisoma na kuinakili, na bado katika zahanati nyingi utaambiwa kwamba ya kahawia imekwisha, au haijapata kuletwa.

Najua udhuru unaotolewa. Wako wanaoiogopa kwa jina lake, wakidhani kwamba kila steroidi huvimbisha uso na kunyong'onyeza mifupa, ilhali kiasi kinachovutwa ni kidogo mno kikilinganishwa na cha vidonge, na udhia wake wa kawaida ni ukungu wa mdomoni ambao kusukutua kwa maji baada ya kuvuta huuzuia kwa sehemu kubwa. Wako wanaoamini kwamba mtu akianza pampu ameandikiwa utumwa wa pampu, na kwamba habasoda na asali ni bora. Mimi navipenda vyote viwili katika chai, wala simzuii mtu. Na wako wanaoiacha kwa sababu wakiivuta hawasikii kitu, nao wasema kweli, kwani protini haziondoki kwa dakika tano. Hutaka siku kadhaa, na wakati mwingine wiki, za kuvuta asubuhi na jioni hata kifua kikiwa kimetulia. Mgonjwa asiyeelezwa hilo kabla ya kutoka katika chumba cha daktari hataivumilia, na kosa halitakuwa lake.

Wengine husema kwamba watoto hawawezi kuivuta vizuri, na kwamba chupa maalumu za kuwasaidia ni ghali. Udhuru huo ulikwisha mwaka 1999, pale Heather Zar na wenziwe wa Cape Town walipoonyesha kwamba chupa ya plastiki ya soda ya mililita 500, ikitobolewa kitakoni kwa waya wa moto uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, kisha pampu ikachomekwa na pembezoni pakazibwa kwa gundi, humfikishia mtoto dawa kwa ufanisi ule ule wa chupa za kiwandani. Mtoto huweka kinywa mahali pa kunywea, pampu ikabonyezwa, naye akavuta pumzi zake za kawaida. Sijui kifaa cha tiba kilicho rahisi kuliko hicho, wala sijaona zahanati nyingi zenye kukining'iniza ukutani.

Nikiwa katika nyumba zetu za pwani, niongeze neno moja ambalo huenda likawachukiza baadhi ya wasomaji wangu. Uchunguzi uliofanywa Oman, na kutolewa mwaka 2009, uliona kwamba kufukiza udi na buhuri nyumbani hakukuongeza idadi ya watoto wenye pumu, lakini kuliwazidishia kubanwa wale waliokuwa nayo tayari. Chetezo kina heshima yake, nami sitaki kuona harusi bila ya udi. Ila mwenye mtoto wa pumu na akipeleke barazani.

Ninachokitaka kwa wizara zetu za afya ni kidogo, nacho kinapimika. Steroidi ya kuvuta inunuliwe kwa jumla na kufikishwa mpaka zahanati ya kijiji, au kopo lenye dawa mbili kwa pamoja, ya kupanua na ya kutuliza, pale fedha zinaporuhusu. Wauza dawa wafundishwe kumtuma kwa tabibu yule anayerudi kununua kopo la buluu kabla ya mwezi kwisha. Na kila mwaka, pamoja na makadirio ya matumizi yanayosomwa bungeni, itangazwe hesabu ya makopo ya buluu na ya kahawia yaliyotoka katika bohari kuu ya dawa, wilaya kwa wilaya, ili wabunge waulize kwa nini katika wilaya hii yametoka mia ya namna moja na mawili matatu ya namna ya pili.